Karatasi ya USIZIME

Binti yangu ana miaka tisa na husoma kila kilichoandikwa ndani ya nyumba, hata maelezo ya nyuma ya kopo la dawa ya mbu. Juzi alisimama kwenye soketi iliyo karibu na meza ya kompyuta, akaisoma karatasi iliyobandikwa hapo kwa selotepu. Wino umepauka na pembe moja imejikunja, lakini neno bado linaonekana: USIZIME.

"Baba, mbona imeandikwa usizime, na sisi kila usiku tunazima?"

Nikamwambia karatasi hiyo ilikuwa ya siku moja tu. Akataka kujua siku gani.

Ilikuwa Jumamosi ya Julai 2023. Debian 12, toleo jipya la mfumo endeshi wa kompyuta yetu, ilikuwa imetoka tarehe 10 Juni, nami nilisubiri zaidi ya mwezi kwa makusudi, ili kasoro za mwanzo zionwe na kurekebishwa kwanza. Mashine ni ileile tuliyonayo sasa: Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, RAM ya gigabaiti 8 na SSD ya 240, iliyokuwa ikitumia Debian 11. Mimi naifanyia kazi zangu, na mama watoto huweka humo vipimo vya wateja wake wa ushonaji, kila mteja na mstari wake: bega, kifua, kiuno, urefu wa mkono.

Maandalizi niliyafanya kama inavyotakiwa. Saa saba mchana nilinakili /home (faili zetu) na /etc (mipangilio ya mfumo) kwenda kwenye diski ya nje kwa rsync, nikahifadhi na orodha ya programu zote kwa `dpkg --get-selections '*'`. Nikaendesha `apt-mark showhold` kuhakikisha hakuna kifurushi, yaani programu iliyofungashwa tayari kusakinishwa, nilichokizuia zamani kisisasishwe nikasahau, maana kimoja cha namna hiyo kinaweza kukwamisha mengine mengi. Vyanzo vya programu vya nje ya Debian nilivizima vyote. Debian 11 yenyewe nikaisasisha hadi mwisho, kwa sababu njia salama ni kupanda kutoka toleo lililokamilika.

/boot yangu, panapokaa faili za kuwashia mashine, ni patisheni ya pekee (sehemu ya diski iliyotengwa), megabaiti 236 tu, ukubwa ambao visakinishi vya zamani vilikuwa vikiitengea vyenyewe. Keneli mpya ya 6.1, yaani kiini cha mfumo, pamoja na faili lake la initrd lenye viendeshi vya kuanzia, zinahitaji nafasi, na patisheni ikijaa katikati ya kazi utaona "No space left on device", na initrd itakuwa haijakamilika. Nikaondoa keneli kuukuu kwa `apt autoremove --purge` (apt ndiyo programu ya Debian ya kusakinisha na kuondoa vifurushi), nikaiacha moja ya 5.10. Hiyo moja usiiondoe kamwe kabla mpya haijawaka angalau mara moja.

Kisha /etc/apt/sources.list, faili la vyanzo vya programu. Kila penye bullseye, jina la Debian 11, nikaandika bookworm, jina la Debian 12, na bullseye-security ikawa bookworm-security. Hapa kuna jambo lililowakwamisha wengi: kuanzia Debian 12, programu-dhibiti za vifaa kama kadi za Wi-Fi zilihamishwa kutoka non-free na kuwekwa kwenye fungu lake lenyewe, non-free-firmware. Usipoliongeza neno hilo kwenye mstari, programu-dhibiti ya Wi-Fi yako haitasasishwa.

Vifurushi nilivipakua mchana huohuo kwa `apt full-upgrade --download-only`, karibu gigabaiti moja na nusu, nikitumia bando la simu. Vikishashuka vinakaa /var/cache/apt/archives, na wakati wa kazi yenyewe hutegemei tena mtandao. Kati ya yote niliyoyapanga, hili ndilo lililokuja kutuokoa, ingawa nililifanya kwa ajili ya kubana bando tu.

Mwisho nikaandika ile karatasi na kuibandika kwenye soketi, kwa kuwa nyumba ina watoto na swichi ya ukutani iko usawa wa mikono yao.

Saa mbili usiku nikatoka kwenye mazingira ya picha, nikabonyeza Ctrl+Alt+F3 kupata skrini nyeusi ya maandishi, maana dirisha la terminali linaweza kufungwa na sasisho lenyewe likiwa njiani. Nikaanza na `apt upgrade --without-new-pkgs`, hatua ndogo inayosasisha vile visivyohitaji kifurushi kipya. Ikapita vizuri. Nikafuata na `apt full-upgrade`. Mistari ikaanza kupanda, asilimia ikisogea chini ya skrini. Arobaini. Hamsini. Sitini na moja.

Nyumba ikawa giza.

Katika yote ya siku ile, dakika hiyo ndiyo ninayoikumbuka vizuri kuliko nyingine. Feni ya kompyuta haikunyamaza ghafla. Ilizunguka kwa mazoea, ikapungua sauti kidogo kidogo kama mtu anayemalizia sentensi, kisha ikasimama. Mkono wangu ulikuwa bado juu ya kebodi. Nikasema kimoyomoyo kwamba mtaa mzima umekatika, na kwamba ndivyo mambo yalivyo. Halafu nikasikia sauti ya televisheni. Msomaji wa habari alikuwa akiendelea kusoma, upande wa pili wa ukuta, bila wasiwasi wowote.

Mama watoto akasema kutoka chumbani, taratibu, "Kwa jirani unawaka."

LUKU ilikuwa imeisha. Kutwa nzima alikuwa akipiga pasi nguo za harusi ya Jumapili, na pasi ya wati 1,200 ikifanya kazi saa tatu nne hula yuniti mbili hadi tatu hata ukihesabu muda inaojizima yenyewe. Kompyuta na monita yake kwa wati 80 isingemaliza hata yuniti moja usiku kucha. Katika orodha yangu nilikuwa nimeandika mambo tisa, na la kusoma mita halikuwemo.

Akaja na simu imewashwa tochi, akasimama nyuma ya kiti changu. Akauliza jambo moja tu: "Na vipimo vya leo?"

Saa kumi jioni, baada ya mimi kumaliza kunakili, walikuwa wamekuja wateja watatu. Aliwapima, akaandika, akahifadhi faili. Mistari hiyo haikuwemo kwenye diski ya nje. Nilijua kwa akili kwamba faili lililohifadhiwa saa kumi limeshafika kwenye SSD siku nyingi, kwa sababu mfumo wa faili wa ext4 hauachi data ikining'inia kwenye RAM zaidi ya nusu dakika hivi, na kinachokuwa hatarini umeme ukikatika ni kile kinachoandikwa sekunde zilezile. Nilitaka kumwambia hivyo. Lakini gizani, mbele ya skrini iliyokufa, sikuweza kuitamka sentensi hiyo kwa uhakika aliostahili kuupata, na nikanyamaza. Alisubiri jibu. Kisha akanimulikia mlangoni ili nikaingize tokeni.

Tarakimu ishirini, kwa tochi, nikazikosea mara ya kwanza. Mara ya pili umeme ukarudi.

Nikaiwasha kompyuta. Menyu ya GRUB, programu inayoanzisha mfumo, ikaonekana, keneli ya 6.1 ikajichagua yenyewe, na baada ya sekunde chache skrini ikasimama kwenye maneno haya: `Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)`.

Maneno hayo humtisha mtu akadhani diski imekufa. Hayasemi hivyo. Keneli ya Debian haibebi tumboni viendeshi vya diski wala vya ext4, hivyo vimo ndani ya initrd inayopakiwa pamoja nayo. Zile sifuri mbili maana yake ni kwamba keneli haikuona diski yoyote, kwa kuwa initrd haikuwepo. Kwangu, dpkg, inayofanya kazi chini ya apt, ilikuwa imeshafungua kifurushi cha keneli na kuiweka /boot, GRUB ikaiona na kuiingiza kwenye menyu, na umeme ukakatika kabla initrd yake haijatengenezwa. Mlango upo, ufunguo haujachongwa.

Nikarudi kwenye menyu, nikaingia Advanced options, nikachagua 5.10 ya recovery mode, yaani hali ya matengenezo. Hapo nikakutana na ukuta mwingine: mashine ikasema akaunti ya root, ya msimamizi mkuu, imefungwa, haiwezi kunipa terminali. Hii huwapata wote ambao wakati wa kusakinisha Debian waliacha nenosiri la root wazi ili watumie sudo, amri inayompa mtumiaji wa kawaida mamlaka hayo. Ni chaguo zuri kwa kila siku, ila siku ya matengenezo linakufungia nje. Aliye katika hali hiyo ajipe nenosiri la root kwa `sudo passwd root` kabla ya kupandisha toleo.

Kilichobaki ni flashi. Nilikuwa na ile ya kusakinishia Debian 11, haijafutwa. Ukiiwasha mashine kwa flashi hiyo, chini ya Advanced options kuna Rescue mode. Inakuuliza lugha na kebodi kama vile unasakinisha upya, na mtu anaweza kuogopa kwamba anafuta kila kitu, lakini mwisho inakuuliza patisheni ipi ni ya mfumo wako, kisha inakupa terminali ndani yake.

Amri ya kwanza ikawa `mount -a`. Naisisitiza kwa sababu /boot ikiwa patisheni ya pekee na hujaiunganisha, initrd mpya itaandikwa kwenye folda tupu yenye jina hilohilo, kila kitu kitaonekana kimekwenda sawa, na ukiwasha utaikuta panic ileile. Kisha `dpkg --audit`, ikanionyesha vifurushi vilivyofunguliwa bila kusanidiwa. Vilikuwa vingi, lakini hakuna kilichoharibika, maana dpkg ina desturi ya kulazimisha data ifike kwenye diski kabla ya kubadili jina la faili jipya kuwa la zamani. Inafanya kazi polepole kwa sababu hiyo, na watu hulalamika. Tangu usiku ule nimeacha kulalamika.

`dpkg --configure -a`. Ikaanza kusanidi kimoja kimoja. Ilipouliza kuhusu faili za mipangilio nilizowahi kuzihariri, nilibonyeza D kuona tofauti, kisha N kubakiza yangu. Ikafuata `apt --fix-broken install`, halafu `apt full-upgrade` tena, ikichukua vifurushi vilivyokwisha kupakuliwa bila kugusa mtandao. Kwa kukamilisha nikaendesha `update-initramfs -u -k all` na `update-grub`, nikaangalia kwa `ls -lh /boot` kama initrd ya 6.1 ipo na ina ukubwa wa kueleweka. Ilikuwepo.

Saa sita kasoro ikawaka. Mama watoto hakuwa amelala. Akafungua faili lake, sasa kwa LibreOffice 7.4 badala ya 7.0, akashuka hadi chini. Mistari mitatu ya saa kumi ilikuwepo yote. Akaisoma kwa sauti, jina na kipimo, jina na kipimo, kisha akaichapa kwenye karatasi. Tangu siku hiyo anachapa kila wiki na kuziweka karatasi kwenye faili la plastiki. Sijawahi kumwambia kwamba hakuna haja.

Mwezi uliofuata nilinunua UPS, betri ya akiba ya kompyuta, ya VA 650. Ikiwa mpya iliibeba kompyuta na monita dakika 20 hivi. Kufungua na kusanidi vifurushi vyote vya toleo jipya kwenye mashine hii huchukua dakika zaidi ya 40, kwa hiyo UPS hiyo isingetosha kuvusha kazi nzima endapo umeme wa mtaa ungekatika. Ingetosha kununua tokeni. Wiki iliyopita niliijaribu kwa kuchomoa waya ukutani: ikazima baada ya dakika mbili. Betri zake za risasi hudumu miaka miwili mitatu, na hii imefika.

Ninayapima haya kwa kuwa Debian 13 imetoka tangu tarehe 9 Agosti 2025, ikiwa na keneli ya 6.12, na sijaigusa. Debian 12 imepangiwa matengenezo ya kawaida hadi Juni 2026 na ya muda mrefu hadi Juni 2028, hivyo hakuna anayenikimbiza. Tatizo kubwa zaidi ni /boot. Maelezo ya toleo hilo yanapendekeza angalau megabaiti 768, nami nina 236. Ama niipanue, kazi ya kusogeza patisheni ambayo nayo haipendi kukatizwa na umeme, ama nisakinishe upya kabisa na kurudisha /home kutoka kwenye nakala. Siku moja naamka nikiwa upande huu, siku nyingine upande ule.

Binti yangu alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama aibandue karatasi. Nikamwambia aiache kwanza. Akatoka mlangoni, akasimama kwa vidole vya miguu mbele ya mita, akanisomea kwa sauti kubwa: kumi na tisa nukta sita.