Niliposema sijaamua

Jioni moja mwanzoni mwa Septemba 2014 nilikuwa nakoroga uji jikoni kwangu, Govanhill, Glasgow, simu ikalia. Dada mmoja wa utafiti wa maoni, mpole wa sauti, aliniuliza kura ya tarehe 18 nitaipigaje: Scotland iwe nchi huru, Ndiyo au Hapana? Nikamwambia kweli tupu, sijaamua. Akashukuru, akakata.

Jamaa zangu Pemba bado huniuliza Mpemba aliingiaje kwenye uhuru wa watu. Sheria iliwaruhusu raia wa Jumuiya ya Madola wenye kibali na makazi Scotland, hata vijana wa miaka 16. Mskoti aliyehamia London hakupiga. Mimi wa pasipoti ya Tanzania nilipiga.

Kiswahili chetu kina jina moja, kura ya maoni, kwa ile ya sandukuni na kwa ile ya kuulizwa kwa simu. Wiki zile niliona hatari yake. Tarehe 7, gazeti la Sunday Times likatoa utafiti wa YouGov, kampuni ya kupima maoni: Ndiyo asilimia 51, Hapana 49. Kazini hapakuwa na mazungumzo mengine. Siku tatu baadaye Cameron, Clegg na Miliband, viongozi wa vyama vikuu vya Uingereza, waliliacha Bunge lao la London wakaja huku, na tarehe 16 ahadi yao ya kuliongezea madaraka Bunge la Scotland ikajaza ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Record. Kumbe ile 51 ilipatikana baada ya kuwaondoa wasioamua. Ukiwarudisha, ilikuwa 47 kwa 45. Sisi tulifutwa kwanza, ndipo hesabu ikapigwa, na hilo liliniuma.

Maana asiyeamua yumo kazini, anapima. Usiku nilikuwa nawaza pauni, pensheni, kibali changu. Nikawaza na kwetu pia: Muungano wa Aprili 1964 hatukuulizwa wananchi. Waskoti nao waliunganishwa na England 1707 bila kuulizwa. Mwaka ule, baada ya miaka 307, waliulizwa, nami nilikuwemo. Jambo kama hilo silijibu na mwiko mkononi.

Siku ilipofika nilikwenda skuli ya jirani kabla ya zamu. Hawakutaka kitambulisho, nilitaja jina na anwani, karani akapiga mstari kwenye daftari. Karatasi ilikuwa na swali moja na visanduku viwili, na penseli imefungwa kwa uzi. Nilikaa pale kibandani muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kisha nikaweka alama kwenye Ndiyo. Nikitoka nilinyoosha kidole kitiwe wino, kwa mazoea. Wino haupo huko.

Mtaani kwetu madirisha yote yaliandikwa Ndiyo, nikaamini tumeshinda. Glasgow ilisema Ndiyo kweli, asilimia 53.5. Lakini nchi nzima ilikuwa Hapana 55.3 kwa 44.7, na waliojitokeza walikuwa asilimia 84.6 ya walioandikishwa.

Asubuhi ya matokeo niliingia zamu kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Bibi mmoja niliyekuwa nikimvisha alikuwa na beji ya Ndiyo kifuani tangu Agosti. Mjukuu wake ndiye aliyempa, na kila aliyemuuliza alimwonyesha hiyo beji. Akanishika mkono, akaninong'oneza kwamba kwa posta alipiga Hapana. Hakutaka kumvunja moyo kijana. Aliniomba niibandue taratibu, isichane sweta, niiweke kwenye mtoto wa meza mpaka mjukuu atakapokuja Jumapili.