Kupatwa kwa jua, ukiwa juu ya mawingu yote

Wengi hudhani jua likipatwa, aliye angani ndiye anayefaidi zaidi. Mimi naona anapunjwa. Kituo cha Kimataifa cha Anga hukimbia karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, na kivuli kizito cha Mwezi hapa duniani mara nyingi hakizidi upana wa kilomita 270. Hata chombo kikibahatika kukipita katikati, giza ni la sekunde tu. Novemba 12, 1966, James Lovell na Buzz Aldrin wakiwa ndani ya Gemini 12, chombo cha anga cha Marekani, walilipata giza hilo, likawaponyoka papo hapo.

Ndiyo maana kamera za wanaanga huelekezwa chini. Aprili 8, 2024 walikipiga picha kivuli kikipita juu ya Kanada: doa jeusi juu ya mawingu, kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cheupe, lisilo na ukingo wa kueleweka kwa sababu nusu kivuli, yaani eneo ambalo jua limezibwa sehemu tu, hufifia polepole. Picha ya namna hii huharibika ukiiachia kamera ijipimie mwanga yenyewe: doa likijaa kwenye fremu, kamera huongeza mwanga na weusi wote unageuka kijivu. Pima kwenye mawingu meupe mapema, kisha usiguse tena vipimo. Zima na taa za ndani, la sivyo utapiga picha ya uso wako kwenye kioo.

Korona, ile gesi ya moto inayolizunguka jua, ndiyo mtihani. Mwanga wake ni kama sehemu moja ya milioni tu ya mwanga wa uso wa jua. Darubini za angani huliziba jua kwa kisahani, lakini kisahani kikiwa karibu na lenzi, mwanga hupinda kwenye kingo zake na kuingia ndani. Inabidi uzibe eneo kubwa kuliko jua lenyewe, na hapo sehemu ya chini ya korona, iliyo tamu kuliko zote, inapotea.

Proba-3, jozi ya vyombo vya shirika la anga la Ulaya, iliyorushwa kutoka India Desemba 2024, ilitenganisha vitu hivyo viwili. Chombo kimoja kinabeba kisahani cha mita 1.4, kingine kinabeba kamera umbali wa karibu mita 150 nyuma yake. Kivuli kinachoifikia kamera kina upana wa sentimita 8, na tundu la lenzi ni sentimita 5. Piga hesabu: chombo kikiyumba sentimita 1.5 tu kwenda kando, jua linaanza kupenya. Kwa hiyo kwanza kamera ya chombo cha kwanza hufuata taa zinazomweka kwenye mwenzake, halafu leza hupima umbali, na mwisho vihisio vilivyozunguka lenzi huangalia kama kivuli kimekaa sawa pande zote. Kazi hii hufanyika kwenye kilele cha mzunguko, kilomita 60,000 hivi kutoka duniani, ambako mvutano ni hafifu na kushikilia nafasi hakuli mafuta mengi. Giza hilo la kutengenezwa laweza kudumu kwa muda wa hadi saa 6.

La bure linakuja Agosti 2, 2027. Luxor, Misri, watapata zaidi ya dakika 6, na Jeddah na Makka nao wamo njiani. Nairobi na Mombasa jua litazibwa sehemu tu, kwa hiyo miwani ya kupatwa kwa jua isivuliwe hata kidogo.