Nilivyotengeneza spika za tarumbeta kwa amplifaya ya wati 8

Amplifaya yangu inatoa wati 8 tu, na sikuwa tayari kuachana nayo kwa sababu naipenda sauti yake. Shida ilikuwa spika. Zile za kawaida za nyumbani hutoa kama desibeli 87 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati moja, ukizipima mita moja mbele yake, kwa hiyo ngoma ikikolea wati 8 zinaisha na sauti inaanza kukwaruza. Spika inayotoa desibeli 97 kwa wati hiyohiyo ni sawa na kuwa na amplifaya yenye nguvu mara 10. Nikaamua kutafuta hizo desibeli 10 kwa mbao na gundi.

Koni, yaani utando wa spika unaotetemeka, inaposukuma hewa ya chumba moja kwa moja, hewa inaikwepa. Sehemu ndogo sana ya umeme, mara nyingi kama asilimia 1, ndiyo inayogeuka kuwa sauti. Tarumbeta, yaani njia ya hewa iliyounganishwa na koni, huibana hewa kwenye koo jembamba, koni ikapata kitu cha kusukuma, kisha njia ikapanuka kidogo kidogo hadi mdomoni. Majumba ya sinema ya mwishoni mwa miaka ya 1920 yalijaa sauti kwa njia hii, wakati amplifaya zilikuwa na wati chache. Ninachoshikilia baada ya kazi hii ni kwamba kasi ya kupanuka kwa njia ndiyo inayoamua karibu kila kitu, kuanzia ukubwa wa boksi hadi mahali pa kuliweka.

Nilichagua spika moja ya inchi 8 inayopiga masafa yote, kuanzia besi hadi sauti za juu, yenye koni nyepesi na sumaku kubwa. Mbele inapiga wazi, na mgongo wake unapumulia ndani ya tarumbeta, ambalo linabeba besi peke yake. Mpaka wa chini wa besi niliuweka hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde. Kwa mpaka huo, eneo la uwazi wa njia linatakiwa kuongezeka maradufu kila baada ya sentimita 32 hivi. Nilianza na koo la sentimita za mraba 100, karibu nusu ya eneo la koni, na baada ya kuongezeka maradufu mara tano nikafika 3,200. Urefu wote ni sentimita 160. Kwa kuwa upana wa ndani ni sentimita 40 kote, kimo cha njia kinakwenda 2.5, 5, 10, 20, 40, hadi 80. Nilipoona namba hizo zimejipanga hivyo kwenye karatasi nilifurahi sana, maana seremala yeyote anaweza kuzikata.

Mdomo wa sentimita za mraba 3,200 ni mdogo kwa hezi 60. Hewani pasipo ukuta wowote ungehitaji mita za mraba 2.6, yaani mlango mzima na zaidi. Ukiliweka boksi sakafuni kwenye kona, sakafu na kuta mbili zinaendeleza tarumbeta, na thumuni, yaani moja ya nane, ya eneo lile inatosha. Spika ya Klipschorn ya Paul Klipsch wa Marekani, iliyoanza kutengenezwa miaka ya 1940, imesimama juu ya wazo hilohilo. Kwa hiyo mdomo wa boksi langu unatazama nyuma, kwenye kona. Asiye na kona mbili zilizo wazi atafute mchoro mwingine.

Sasa kukunja njia hiyo ndefu ili itoshe ndani ya boksi. Nilichora njia kwa ukubwa wake halisi juu ya ubao wa ubavuni, plaiwudi ya milimita 18, nikafunga mbavu mbili pamoja na kuzikata kwa mpigo ili zisitofautiane hata kidogo. Kuta za ndani ni vipande vilivyonyooka. Watu wengi huhangaika kupinda mbao, na naona hakuna haja: wimbi la hezi 60 lina urefu wa karibu mita 6, halitambui kona ya sentimita chache.

Chumba kidogo kilicho nyuma ya koni ndicho kilichonichukua muda zaidi, na ndicho ninachokionea fahari. Kazi yake ni kuzuia sauti za juu zisiingie kwenye tarumbeta na kutoka nyuma zimechelewa. Lita 3 na koo la sentimita za mraba 100 huanza kukata kwenye hezi 180 hivi. Hizo lita 3 ni hewa tupu, baada ya kuondoa nafasi ya sumaku na fremu. Kuta za hapo nilizifanya nene maradufu, kwa kuwa msukumo wa hewa ni mkubwa kuliko popote, nikabandika sufi nzito upande mmoja tu. Ndani ya njia yenyewe sikuweka sufi kabisa.

Ubavu wa mwisho nilifunga kwa skrubu na utepe wa sponji, bila gundi, ili niweze kulifungua boksi. Kisha nikapiga mlio wa hezi 70 mfululizo na kupitisha mkono uliolowa maji kwenye kila kiungo. Panapovuja utahisi ubaridi unaopuliza. Nilijaza silikoni hapo na kupitisha mkono tena. Usiruke hatua hii hata kama viungo vinaonekana vimeshikana, kwani karibu na koo tundu dogo linakula besi.

Zikiwa konani, gitaa la besi linasikika noti kwa noti, na amplifaya haivuki wati 1 kwa sauti ya kutosha sebuleni. Chini ya hezi 60 sauti inashuka ghafla, kama hesabu ilivyosema. Kuta za chumba zikiwa nyepesi, zitatetemeka na kunyonya sehemu ya besi. Kona ya tofali au zege ndiyo inayofaa.