Seli Zilizobaki Chini ya Chupa

"Mama, mbona mkono ulishapona, halafu ndiyo homa inakuja?"

Ilikuwa jana usiku, siku ya nne tangu achanjwe homa ya manjano kwa ajili ya safari ya Kampala. Nikamwambia virusi vya chanjo hiyo ni hai, vimedhoofishwa tu, na huchukua siku kadhaa kuzaana ndipo mwili upige kelele. Akalala. Mimi usingizi ukaniruka, nikaikumbuka ile chupa.

Tulikuwa bado kwenye maabara ya zamani, tukipima jinsi seli T, askari wa kinga walio kwenye damu, zinavyoitikia virusi vya mafua. Damu ya mtoaji ilikwama kwenye foleni ya Ngong Road, ikafika jioni. Tukaitandaza polepole juu ya Ficoll, kimiminika kizito cha kutenganisha seli za damu, tukaizungusha dakika 30 bila breki, maana sentrifuji ikisimama ghafla ule utando mweupe wa seli huvurugika. Usiku ulikuwa umeingia, kwa hiyo tukazilaza seli kwenye chupa ya plastiki ndani ya inkubeta, kabati la joto, nyuzi 37. Asubuhi tukamimina zilizoelea, tukatia 200,000 kwa kila kishimo cha sahani, tukaongeza virusi. Sahani hiyo haiguswi mpaka kesho yake. Ukiitikisa, madoa, yaani alama za seli zilizoitikia, yanapakaa.

Kesho yake vishimo vya virusi vilikuwa vyeupe pe. Vile tulivyotia shanga ndogo zenye kingamwili za kushika CD3 na CD28, protini za kuiwasha seli T, vilijaa madoa ya zambarau hata havihesabiki. Nikaandika kwenye daftari: mtoaji haitikii mafua.

Mzee wetu wa maabara akasoma, akauliza, "Ile chupa mliyolazia seli iko wapi?"

Ilikuwa bado ndani ya inkubeta. Akaiweka kwenye hadubini, akanipisha kitini. Mwanzoni niliona plastiki tupu. Nilipozungusha kirekebishi kidogo, zikajitokeza: seli zimelala bapa, pana, zimetoa vijiguu pande zote na kuung'ang'ania ukuta. Nikaitikisa chupa. Maji yakayumba, zenyewe hazikusogea hata kidogo.

"Hao ndio wapasha habari," akasema. "Mmewaacha hapa, halafu mnawalaumu askari."

Zilikuwa monosaiti, seli nyeupe za damu zinazonata kwenye plastiki. Seli T haivioni virusi vizima. Huona kipande cha protini kilichoshikiliwa na molekuli za MHC juu ya seli nyingine, kama hizo, jambo ambalo wanasayansi Doherty na Zinkernagel walilionyesha mwaka 1974. Seli T changa, isiyowahi kukutana na virusi hivyo, inataka zaidi: protini CD80 au CD86 za kuigusa CD28 yake, na ujumbe wa kemikali kama IL-12 au interferoni. Seli dendriti, wapasha habari wengine, huzipandisha CD80 na CD86 baada ya vitambuzi kama TLR7 au RIG-I kunasa RNA ya virusi. Seli T za kumbukumbu, kama zile tulizokuwa tukizitafuta, haziombi mengi hivyo, lakini bila wa kuzionyesha kipande hubaki gizani. Shanga zetu zilizigusa seli T moja kwa moja, ndiyo maana zenyewe zilifaulu.

Na wakati nao una uzito. Interferoni ikitangulia kabla seli T haijaonyeshwa kipande, mara nyingi huizuia kugawanyika; interferoni na kipande vikifika pamoja, huisukuma izaane na kuishi. Hapo ndipo ninaposhindwa kumweleza mtoto wa miaka tisa.

Damu ilikuwa imekwisha, na mtoaji hakurudi. Nilikata maneno yangu ya daftarini kwa mstari mmoja, nikatia tarehe na sahihi. Mpaka leo sijui seli zake zilikuwa na kumbukumbu ya mafua au la.

Saa tisa usiku nikamgusa mwanangu paji la uso. Moto bado, ila si mkali. Chanjo ile huamsha vitambuzi vya TLR2, 7, 8 na 9, na dozi moja hutosha maisha. Nikamnywesha maji, akageukia ukutani.