Nilivyoamua seva zetu zipeleke wapi nakala rudufu, na kwa njia gani

Nakala zetu zilikuwa zikipita kwenye NFS toleo la 3, mfumo unaokuwezesha kutumia folda ya seva nyingine kupitia mtandao kana kwamba iko kwenye mashine yako. Ina kasi na haisumbui, ila asili yake ni Sun Microsystems mwaka 1984, enzi ambazo mashine za mtandao mmoja ziliaminiana. Kwa mpangilio wa kawaida, seva ya hifadhi humwamini mteja (mashine inayounganisha folda) kwa namba ya mtumiaji anayoitaja mwenyewe. Akisema yeye ni 1000, basi ndiye. Data nayo husafiri wazi.

Kwenye nakala rudufu udhaifu huo unauma zaidi, kwa sababu kazi hii hufanywa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Ukiacha mpangilio wa root_squash uendelee kufanya kazi, root wa mteja hugeuzwa mtumiaji asiye na mamlaka, na faili hazihifadhiwi na wamiliki wake halisi. Siku ya kurejesha hifadhidata utajua maana yake. Ukiweka no_root_squash wamiliki wanabaki, lakini anayeiteka seva moja anakuwa root juu ya folda yote ya nakala.

Nilijaribu NFSv4 (toleo la 4) na Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho kwa tiketi zinazotolewa na seva maalumu. Hapo kuna ngazi tatu: krb5 huthibitisha utambulisho tu, krb5i huzuia data isichezewe njiani, na krb5p ndiyo husimba kila kitu, yaani hukifanya kisisomeke bila ufunguo. Kama ofisi yenu tayari ina Kerberos, tumieni hiyo. Sisi hatukuwa nayo, na sikupenda wazo kwamba siku mambo yote yamelala, kabla ya kurejesha chochote lazima kwanza nifufue seva ya tiketi na kuhakikisha saa za mashine hazipishani zaidi ya dakika tano. SMB 3, itifaki ya folda za mtandao ya Windows, inasimba vizuri, lakini wamiliki na ruhusa za faili za Linux huisumbua. Kupitisha NFS ndani ya WireGuard, handaki la mtandao lililosimbwa, kunafunga njia tu. Ndani mteja bado anaaminiwa kwa neno lake.

SSHFS, inayounganisha folda kupitia SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva), ilinivutia kwa wepesi wake: poti 22, ufunguo, basi. Faili ndogo nyingi huichosha.

Kilichoamua mambo ni swali jingine kabisa: seva ikishavamiwa, mvamizi ataweza kufanya nini kwenye nakala zake? Folda iliyounganishwa kwa ruhusa ya kuandika inafutika, hata iwe na krb5p. Usimbaji wa njiani haumzuii aliye ndani ya nyumba.

Kwa hiyo niliachana na folda za kuunganishwa, nikatumia Borg, programu ya nakala rudufu, juu ya SSH. Kila nakala ya Borg huitwa kumbukumbu; umiliki na ruhusa hukaa ndani ya kumbukumbu yenyewe, na data husimbwa kabla ya kuondoka kwenye seva. Upande wa hifadhi, kila ufunguo kwenye authorized_keys (faili ya funguo zinazoruhusiwa kuingia) umefungwa kwa amri moja, borg serve, pamoja na --append-only (kuongeza tu) na --restrict-to-path (kubaki kwenye folda iliyotajwa). Mteja anaweza kuagiza ufutaji, lakini data haiondoki kwenye diski mpaka mimi nibane hazina (ghala la kumbukumbu zote), yaani niondoe kabisa vilivyoagizwa kufutwa, kutoka upande wa hifadhi. Hapo pana mtego: ukibana bila kukagua kwanza orodha ya kumbukumbu, unakamilisha kazi ya mvamizi kwa mkono wako. Ndiyo maana sijaliweka zoezi hilo kwenye cron, inayoendesha kazi zenyewe kwa ratiba.

Ufunguo wa usimbaji niliutoa kwa borg key export, nakala yake ikawekwa nje ya seva zote. Kupima urejeshaji natumia borg mount: kumbukumbu hufunguka kama folda ya kusoma tu, nachomoa faili kadhaa na kuzilinganisha na zilizoko kwenye seva.