Siku moja maishani mwangu: dakika moja kwa kila mtoto

Saa 11:30 alfajiri. Mwezi wa Oktoba hapa Newala korosho zinaanguka, na kila nyumba huwa imeamka kabla ya mwalimu. Njiani kwenda shuleni napishana na wanafunzi wangu wa darasa la pili wakielekea kusiko na shule, ndoo mikononi, ili waokote kidogo kabla kengele haijagongwa. Wengine watafika wamechelewa, mashati yakiwa na madoa ya mabibo, na wengine hawatafika kabisa. Siwezi kuwalaumu wazazi sana, kwa kuwa daftari na sare za watoto hao zinatoka kwenye mikorosho hiyohiyo.

Saa 1:15 asubuhi. Usafi, mstarini, mahudhurio. Leo wapo 81 kati ya 94.

Saa 2:00 asubuhi. Kipindi cha kwanza ni cha kusoma. Tangu mwaka 2015, mtaala wa madarasa haya ya chini ulipoelekezwa kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, lugha ya walimu wenzangu imejaa hesabu za maneno anayosoma mtoto kwa dakika. Lengo la darasa la pili ni maneno 50 kwa dakika, pamoja na kujibu sawasawa angalau maswali manne kati ya matano kuhusu habari iliyosomwa. Nusu ya pili ya lengo hilo husahaulika upesi, labda kwa sababu saa haiwezi kuipima.

Ubaoni nimeandika sentensi moja: “Bibi alinipelekea korosho shuleni.” Watoto wangu wengi wanazijua silabi zote zilizomo, kwani maandishi ya Kiswahili hayamfichi msomaji kitu, na anayeijua “ke” leo ataisoma “ke” popote atakapoikuta. Tatizo ni urefu wa neno. Binti wa dawati la mbele anasoma “a-li-ni-pe-le-ke-a”, kila silabi kwa uzito uleule kama anayehesabu kokoto, na anapofika mwisho wa sentensi nikimuuliza ni nani aliyepelekewa, ananitazama tu. Nguvu zote zimeishia kwenye silabi saba, na maana haikupata pa kukaa.

Basi nalijenga neno upya, mstari juu ya mstari: peleka, pelekea, nipelekee, alinipelekea. Tunasoma pamoja, kisha safu kwa safu, kisha wawili wawili, na mara ya tano au ya sita nasikia kile ninachokisubiri kila siku: sauti ya mtoto inakaza pale penye silabi ya pili kutoka mwisho, “alinipele-KE-a”. Hiyo ndiyo saa yangu ya kweli. Mtoto anayeunganisha silabi moja moja hawezi kujua mkazo uende wapi, kwa sababu hajui neno litaishia wapi. Akishauweka mahali pake bila kuambiwa, nafahamu kwamba ameliona neno zima.

Saa 2:40 asubuhi. Wengine wakiendelea kusomeana wawili wawili, naanza kuita wanane wa leo mezani kwangu karibu na mlango. Kwa nini wanane? Dakika moja ya kusoma pamoja na maswali matano huchukua dakika tatu kwa uchache, na kuwasikiliza wote 94 kungenimalizia karibu saa tano za kazi. Kwa wanane kila siku, nawamaliza kwa siku 12 za masomo, kusipokuwepo siku za korosho nyingi.

Mtoto asome, nami nifuatilie kwa penseli, nikikata neno alilokosea na kumtajia lile alilokwama nalo kwa sekunde tatu. Mmoja anasoma “kalanga”, na jirani yake anacheka. Sikati. Nyumbani kwao wanazungumza Kimakonde, ulimi wake unaitamka hivyo, na nikimuuliza ni nini ananieleza hadi namna ya kuzikaanga. Angesoma “karamu” mahali hapo ningekata bila huruma.

Saa 4:00 asubuhi. Uji.

Saa 4:30 asubuhi. Hapa lazima nikiri kosa langu. Wiki mbili zilizopita nilimwandikia kijana mmoja maneno 63 kwa dakika, nikamsifu mbele ya wenzake, na sifa hiyo ikafika hadi ofisini. Leo nimempa kifungu kilekile, ila nimebadilisha maneno matatu tu: mbuzi amekuwa kuku, kisima kimekuwa mto, na jioni imekuwa asubuhi. Amesoma mbuzi, kisima na jioni, kwa kiimbo kizuri kabisa, macho yake yakiwa kwenye karatasi. Kifungu kile kilikuwa kimebandikwa ukutani muhula mzima, nasi tulikuwa tukikiimba kila asubuhi; hakunidanganya, nilimfundisha mwenyewe. Nilipompa kifungu kigeni alisoma maneno 17. Nimeifuta 63 na nimebandua karatasi ile ukutani.

Saa 8:00 mchana. Watoto wameshaondoka. Naandika vifungu vipya kwenye vipande vya maboksi, kila kimoja maneno 50 hadi 60, kuhusu mambo wanayoyaona: mnada wa korosho, foleni ya maji, ukungu wa asubuhi kule kwenye bonde la Shimo la Mungu. Ni kazi ya kuchosha kuliko kufundisha, lakini kifungu kilichosomwa mara nne kikishazoeleka kinapaswa kustaafu.

Saa 10:15 jioni. Napita kwa bibi wa kijana yule, anayemlea wakati wazazi wapo shambani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Kafanya nini tena mjukuu wangu?”

Namweleza kwamba hajafanya kosa, na kwamba ningependa awe anamsikiliza akisoma kila jioni. Anacheka na kusema kuwa yeye hajui hata herufi moja. Najibu kwamba sihitaji macho yake: “Akisoma kama anayeita kuku mmoja mmoja, mwambie arudie sentensi. Akisoma kama anayekusimulia, mwache aendelee, kisha muulize habari hiyo inahusu nini.”

Anafikiri kidogo. “Kama ustadhi anavyomsikiliza madrasa?”

Ndiyo, kwa namna fulani. Madrasa kila mtoto husoma peke yake mbele ya mwalimu wake, na hasongi mbele hadi asahihishwe, jambo ambalo mimi mwenye watoto 94 nalitamani kila siku. Tofauti ni kwamba kwenye Kiswahili mtoto anaweza kuulizwa maana papo hapo, na bibi huyu anaijua maana kuliko mimi. Namwachia kifungu cha foleni ya maji.

Saa 2:00 usiku. Kwenye daftari nimeongeza safu ya tatu baada ya maneno na maswali: mkazo. Wanane wa kesho wameshaandikwa. Kijana yule ni wa kwanza, na kifungu chake bado hakijaonwa na mtu yeyote.