Naenda Ndola, kwa stoo ya dawa

Jumapili navuka mpaka wa Kasumbalesa, naenda Ndola kule Zambia, sosiete (kampuni yangu) inanituma. Si misioni ya biashara wala si mafunzo, ni kujitolea: mshahara wangu unaendelea kama kawaida, sosiete inalipa gari na mahali pa kulala, mimi natoa kazi yangu ya stoki bure kwa kituo cha afya ambacho hakiwezi kumlipa mtu wa kazi hiyo, mwezi mmoja na kitu hivi. Jirani mmoja hapa Katuba aliniuliza "sasa unajitolea namna gani na unalipwa?" na ni swali la haki kabisa, nilimjibu hivi hivi nilivyoandika hapa.

Makampuni kutuma watu wao hivi si jambo jipya. IBM walianza programu yao ya Corporate Service Corps mwaka 2008, wafanyakazi wa nchi mbalimbali kwenye timu moja, karibu mwezi mzima, na Tanzania na Ghana zilikuwa kati ya nchi za kwanza. Ninachopenda kwao ni kwamba walijiandaa miezi kadhaa kabla ya kuondoka. Sisi tulipewa muda mfupi kuliko ule lakini wangu wote nimeumaliza kwa simu, na mama anayeshika stoo ya dawa kule.

Sababu ya simu hizo ninayo. Hapa hapa Lubumbashi nimeona wageni wenye moyo mzuri wanakuja na programu ya kompyuta, wanafundisha siku kidogo, picha zinapigwa, wanarudi kwao, umeme ukikatika wiki moja ile kompyuta inafunikwa kitambaa na watu wanarudia daftari lao. Mimi nataka kitu ambacho bamayo (huyo mama wa stoo, namwita hivyo, tunaongea Kibemba, mama yangu alinilea nacho) ataendelea kukifanya mwenyewe nikisharudi biro, ofisini kwangu, na kama yeye hakitaki basi hakuna haja ya kukipeleka.

Na yeye njo alinionyesha tatizo liko wapi. Chukua paracetamol. Tuseme mwezi huu zimetoka boksi 300, fishi ya stoki (karatasi ya kuandika kinachoingia na kutoka) inasema 300, basi unaagiza za kutosha 300, si ndiyo? Hapana. Angalia tarehe: zilifika tarehe 1, zikaisha tarehe 15, nusu ya mwezi wagonjwa walirudi nyumbani bila kitu, na mgonjwa aliyerudi bila dawa haandikwi popote. Mahitaji ya kweli ni karibu 600. Ukiagiza kwa 300 mwezi ujao zinaisha tena katikati, na karatasi inakuambia kila kitu kiko sawa, mwaka unapita hivyo. Suluhisho lenyewe ni rahisi: kwenye fishi unaongeza mstari mmoja wa siku ambazo rafu ilikuwa tupu, halafu unagawa matumizi kwa siku ambazo dawa ilikuwepo tu, unazidisha kwa siku za mwezi: 300 kwa siku 15 ni 20 kwa siku, mara 30 ni 600. Kalamu na rula zinatosha. Pamoja na hiyo tutapanga rafu upya, kinachoisha muda mapema kinakaa mbele, kinatoka kwanza, hata kama kimefika juzi.

Kwa friji sina cha kumfundisha. Alinitumia picha kwa WhatsApp, karatasi imebandikwa mlangoni na plasta ya kidonda, joto limeandikwa asubuhi na jioni, Jumapili pia, kwa sababu mle ndani iko oxytocin, ile ya mama aliyejifungua ili damu isimtoke nyingi, na inataka baridi ya digrii 2 mpaka 8. Niliitazama ile karatasi muda mrefu, hakuna kisanduku kitupu hata kimoja.

Mengine ya safari ni ya haraka. Kadi ya njano ninayo, tangu 2016 chanjo ya homa ya manjano inahesabika ya maisha, usikubali mtu akwambie ya miaka kumi imeisha. Ukivuka magari yanapita kushoto, dereva wetu amezoea. Bukari (ugali) iko kule kama kwetu, hapo sina wasiwasi. Na siku moja ya mapumziko nataka kufika mahali ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilipoanguka usiku wa kuamkia 18 Septemba 1961, alikuwa anaenda kuonana na Tshombe wetu, kiongozi wa Katanga iliyokuwa imejitenga na Kongo, wazee wa hapa bado wanaizungumzia kama ya jana.

Tarehe yangu ya kwanza ilikuwa nyingine. Bamayo akaniomba nifike kabla lori ya dawa za serikali haijaleta mzigo, nishushe nao makartoni, nihesabu nao, nione mwenyewe kipi kimekuja pungufu, ndipo tuanze kuongea mambo ya fishi. Nilipeleka ombi lake kwa shefu, akakubali palepale. Mzigo unategemewa Jumanne, kwa hiyo Jumatatu nzima tunahesabu kilichopo.